Miaka kumi golikipa (mama wa nyumbani), sasa nataka kurudi kwenye uhasibu. Nianzie wapi jamani?

Mama Watatu wa Kimara

Habari za jioni wadau. Mi huwa nasoma tu humu na kupita, ila leo limenifika shingoni, na samahani uzi utakuwa mrefu.

Nina miaka 39 na watoto watatu, mkubwa yuko darasa la nne na ana mtihani wa taifa mwaka huu, wa kati la pili, wa mwisho ndo ameanza chekechea Januari. Nina digrii ya uhasibu. Nilifanya kazi kwenye kampuni moja ya vipuri kuanzia Aprili 2012 mpaka Machi 2016, nilikuwa naandika vitabu vya hesabu, napiga bank reconciliation (kulinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki), naandaa mishahara, bosi alikuwa ananiamini mpaka ufunguo wa sefu nakaa nao mimi. Nikajifungua, likizo ya uzazi siku 84 zikaisha, nikarudi ofisini nikakaa wiki mbili, dada wa kazi akaaga anaenda msibani Singida na ndo mpaka leo hajarudi, mtoto anaumwa umwa kila siku, mume akasema pumzika mwaka mmoja tutajipanga. Huo mwaka mmoja ndo huu wa kumi.

Sasa wa mwisho ameenda shule, nyumba ikifika saa tatu asubuhi iko kimya mpaka nasikia friji, nikasema narudi kazini. Nimetuma maombi sehemu kama ishirini hivi, wakaniita moja tu, Kariakoo. Anayenihoji ni kijana nadhani nimemzidi miaka kumi. Akaniuliza kuanzia 2016 mpaka leo ulikuwa wapi, nikamwambia nilikuwa nyumbani tu na watoto, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Alafu akaniuliza SDL, ile tozo ya kuendeleza ufundi anayolipa mwajiri, saa hizi ni asilimia ngapi. Nikajibu tano tena kwa kujiamini kabisa. Akatabasamu. Nilivyotoka pale nimesimama kituoni nikaingia mtandaoni nikakuta ni 3.5 na ilishushwa tangu 2023. Wallahi nilipanda mwendokasi machozi yananitoka, mama mmoja akadhani nimeibiwa simu.

Kuna sehemu nyingine rafiki yangu ameniambia wanatafuta mtu wa akaunti, laki nne na nusu kwa mwezi. Mume ananiambia laki nne na nusu unaenda kuwafanyia kazi wenye daladala na mama ntilie, bora ukae. Hakatai moja kwa moja, ila ndo hivyo.

Sijakaa bure kabisa, nauza ubuyu na barafu, na kwenye kikoba chetu madaftari naandika mimi kwa sababu wenzangu wanasema mi ndo msomi, lakini hayo nani anaweka kwenye CV. Naomba mnisaidie, huyu mtu anaanzia wapi? Na umri je, serikalini si nimeshachelewa? Na zile hela zangu za NSSF za kipindi kile bado zipo au ndo zilishaliwa?

Chuma cha Tandika

Golikipa akipanda kwenda kupiga kona, huku langoni anabaki nani?

Tausi Mwendapole

@Chuma cha Tandika baba yao. Naye ana mikono miwili.

Mzee wa Leja

Mama Watatu pole, na usilie kwa ajili ya SDL, hiyo unaisoma jioni moja imeisha. Mi nina ofisi ndogo ya hesabu na kodi, naajiri watu wawili watatu kila mwaka, nikwambie upande wa huku mezani tunaangalia nini.

Kwanza hilo pengo la miaka kumi mwenyewe unaliona kama shimo la choo, mimi naliangalia sekunde tano. Kinachonipa wasiwasi ni kama mtu anajua kuwa mambo yamebadilika. Ulipoondoka 2016 ukilipa kodi unajaza fomu unaenda kupanga foleni benki, leo bila control number hakuna anayepokea shilingi ya serikali. Ritani ya VAT inajazwa mtandaoni. SDL umeshajua, ongezea na kwamba siku hizi inamhusu mwajiri mwenye watu 10 na kuendelea, zamani ilikuwa wanne. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, sekta binafsi ilikuwa asilimia 1 saa hizi 0.5. Kama unataka kwenda kampuni kubwa kidogo, soma na IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya hesabu za mikataba ya pango, kuanzia 2019 pango la ofisi la miaka kadhaa linaingia kwenye mizania, siyo lile la kuandika gharama ya pango kila mwezi na kwenda zako. Basi, si bahari hiyo. Ukikaa wiki tatu kila siku masaa mawili watoto wakiwa shule unamaliza.

Sasa kitu ambacho hujakiona. Umeandika kwenye kikoba madaftari unaandika wewe, alafu ukapita kama umetaja ubuyu. Hebu rudi hapo. Mko wangapi? Umeandika miaka mingapi? Mnanunua hisa, mnakopeshana, kuna riba, kuna faini ya wachelewaji, kuna mfuko wa jamii, Desemba mnavunja na kila mtu anatakiwa apate chake mpaka senti. Kikoba kikiwa na mwandishi mbovu hakifiki mwaka wa pili, watu wanashikana mashati. Kama wewe umekivusha hata miaka mitatu bila ugomvi basi una kazi ya juzi ya kuweka kwenye CV, na una mtu wa kukusemea, mwenyekiti wako. Hao bosi zako wa 2016 nani anajua wako wapi leo, mi nikimpigia referee wa miaka kumi nyuma ataniambia nini zaidi ya "alikuwa dada mzuri".

Ila usije ukaandika "meneja wa kaya" sijui "mtaalamu wa malezi". Nishazipokea hizo, nacheka naweka pembeni. Andika kawaida tu, 2016 mpaka sasa, malezi ya watoto, chini yake mweka hazina na mwandishi wa vitabu vya kikundi, wanachama kadhaa, mzunguko kiasi kadhaa.

Mi nikiita mtu simuulizi maswali ya kijana wako wa Kariakoo. Nampa taarifa ya benki ya mwezi mmoja na kitabu cha fedha, nampa na kompyuta, saa moja, nilinganishie. Na siku hizi nawawekea mtego mmoja, mauzo ya lipa namba. Duka limeuza laki tano mchana, kwenye benki inaingia kesho yake na haijatimia laki tano kwa sababu kuna makato. Wahitimu wapya wengi wanakuja na tofauti hapo, wanaanza kulazimisha namba zifanane. Mtu aliyekaa na hela za watu za mkononi huwa anaiona haraka.

Chuma cha Tandika

Mzee wa Leja umeongea point, nafuta utani wangu. Na mi mke wangu anaandika kikoba, kumbe nalala na mhasibu.

Nimekula Chumvi

Mwanangu kuhusu NSSF, hela haziliwi. Kama hukuzitoa, michango yako ya 2012 hadi 2016 ipo palepale kwenye namba yako ya uanachama. Apr 2012 mpaka Machi 2016 ni miezi 48. Pensheni ya uzeeni inataka miezi 180, kwa hiyo umebakiza 132, ni miaka 11. Una 39, kustaafu kwa lazima 60, hesabu mwenyewe uone kama umechelewa. Ukienda kazi mpya usikubali wakufungulie namba nyingine, wape ileile. Nimefanya kazi za utumishi miaka mingi, wanawake wengi wanakuja na namba mbili tatu, moja ya jina la baba moja ya jina la mume, alafu wakifika uzeeni ndo wanaanza kuhangaika kuziunganisha.

Hapohapo kwenye majina. Vyeti vyako nadhani ni vya ubini wako wa nyumbani. NIDA ulijiandikisha jina gani? Kama ni la mume, shughulikia hati ya kubadili jina kabla hujaanza kutuma maombi serikalini, usisubiri kuitwa.

Na serikalini hujachelewa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema umri usizidi 45. Fungua akaunti kwenye Ajira Portal, pandisha vyeti halisi, siyo zile karatasi za matokeo ya muda, hizo hawapokei. Usitegemee tu hiyo maana watu ni wengi, kuna mchujo wa kuandika kwanza ndo mahojiano. Tuma, sahau, endelea na mambo yako.

Kaka wa Kibaha

Mi nitasema upande wa kina baba na msinirushie mawe. Mke wangu alirudi kazini 2022, watoto wawili. Miezi miwili ya kwanza safi. Mwezi wa tatu dada akaondoka, tukaleta mwingine akakaa siku tisa, mwingine akawa anamlaza mtoto mchana kwa dawa ya mafua, hiyo tuligundua kwa bahati tu chupa imeisha na hakuna aliyekuwa anaumwa. Mtoto wa la tatu akashuka kutoka wa 5 hadi wa 31. Mke anatoka saa kumi na moja kasoro asubuhi anarudi saa mbili usiku, foleni ya Morogoro Road mnaijua, wikiendi amechoka anaongea kwa mkato. Mwisho wa mwaka tukapiga hesabu hakuna kilichobaki. Akaacha. Sisemi wanawake wasifanye kazi, nasema mumeo akisita si lazima awe anakubana, pengine anaogopa.

Na nasema hivi kwa sababu mimi niliogopa nikashindwa kusema, nikawa nanuna tu.

Tausi Mwendapole

Kaka wa Kibaha asante kwa ukweli, hasa hilo la mwisho. Ila naomba nikuulize, mtoto aliposhuka hadi wa 31 wewe ulikuwa unarudi saa ngapi? Siulizi kwa ubaya.

Mama Watatu mi nilirudi 2021 baada ya miaka saba. Tupige hiyo hesabu ya laki nne na nusu hapahapa, maana kila mtu anaitaja hakuna anayeipiga.

450,000. NSSF yako asilimia 10 inatoka 45,000, inabaki 405,000 ndo inayotozwa kodi. 270,000 ya kwanza haina kodi, 135,000 iliyobaki inakatwa asilimia 8, ni 10,800. Mkononi unapata 394,200. Sasa toa dada 120,000. Nauli ukipanda mwendokasi na daladala moja kwenda na kurudi tuseme 3,000 kwa siku, siku 26, 78,000. Chakula cha mchana 3,000, nayo 78,000. Basi la shule la huyo mdogo 40,000. Jumla 316,000. Unabaki na 78,200.

Ukiishia hapo mumeo ana haki ya kucheka. Ila angalia vitu viwili. Kwanza ile 45,000 haijapotea, na mwajiri anaweka 45,000 nyingine juu, kwa hiyo kila mwezi tisini inaenda kwenye ile miezi 132 aliyosema Nimekula Chumvi. Cha pili ndo kinachoniuma mimi mpaka leo. Kwa nini mshahara wa dada na basi la shule vinatolewa kwenye mshahara wako? Watoto ni wako peke yako? Mumeo akipiga hesabu ya mshahara wake huwa anatoa ya dada? Mi mwenyewe nilitoa vyote kwangu mwaka mzima, nikajiona nafanya kazi bure, mpaka siku nikaandika karatasi mbili, ya kwangu na ya kwake, nikaziweka pamoja mezani. Gawa hizo 160,000 nusu kwa nusu, wewe 80,000 yeye 80,000, unabaki na 158,200 badala ya 78,200. Kazi ni ileile.

Cha kukutahadharisha, kazi za mjini nyingi za Jumatatu mpaka Jumamosi. Ukikaa ofisini saa mbili mpaka saa kumi na moja ukitoa lisaa la chakula ni masaa 8, mara siku sita ni 48. Sheria ya ajira inasema 45 kwa wiki, kinachozidi ni ovataimu mara moja na nusu. Sikuambii ukaanze kupigana siku ya kwanza, nakwambia uulize mapema Jumamosi mnatoka saa ngapi. Mi niliomba Jumamosi nitoke saa sita badala ya kuongezewa elfu hamsini na sijajuta.

Na dada mlete mwezi mmoja KABLA hujaanza kazi. Mkae naye wewe ukiwepo. Mi wa kwanza nilimwachia mtoto siku ya nne, Mungu tu alisaidia.

Kaka wa Kibaha

@Tausi Mwendapole saa tatu usiku. Umenipata hapo.

Binti Hesabu

Mi nimemaliza chuo juzi, nasoma uzi huu naogopa hata kuolewa 😂. Ila Mzee wa Leja, huo mtihani wa lipa namba unaweza kuuweka hapa na sisi tujipime?

Mama wa Vipusa

Nipite haraka. Mi nilijaribu kurudi ofisini ikashindikana, nikahangaika miaka miwili, mwisho nikaanza kuandika vitabu vya maduka mtaani kwangu. Duka la dawa moja, hardware mbili, na mama mmoja mwenye saluni. Naenda kila mmoja siku moja kwa wiki, nachukua risiti za mashine ya EFD, naingiza kwenye programu ya hesabu ya QuickBooks, mwisho wa mwezi nampa karatasi anajua kauza nini na kadaiwa nini. Saa saba mchana niko nyumbani. Hela si mbaya japo wanalipa kwa kusuasua, saluni ananilipa nusu hela nusu kusuka. Angalia tu usije ukajifanya mkaguzi, kusaini hesabu zilizokaguliwa kuna wenye leseni zao, na kumwakilisha mteja TRA kama mshauri wa kodi lazima uwe umesajiliwa. Wewe andika vitabu, ya kusaini wapeleke kwa kina Mzee wa Leja. Na kama mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, uliishia njiani, kaulize kama masomo uliyofaulu bado yanahesabika.

Mzee wa Leja

@Binti Hesabu njoo ofisini ufanye, nikiweka hapa nitaandika mwingine usiku huu na nimechoka.

@Mama wa Vipusa hayo ya kusuka nayo unayaingizaje kwenye vitabu vyake? Nauliza kwa nia njema tu.

Mama wa Vipusa

Mzee usinifukunyue 😂😂 gharama za huduma za kitaalamu.

Mama Watatu wa Kimara

Jamani sikutegemea. Nimesoma zote mara mbili na mkubwa ananiuliza mama unacheka nini.

Mzee wa Leja, kikoba tuko 30, nimeandika miaka sita, mwaka jana tumevunja na milioni 21 na kitu. Ugomvi tulipata mmoja mwaka wa pili, mwenzetu alidai kanunua hisa tano na daftari linasema nne, tukarudi kwenye daftari la mwezi ule na sahihi yake ikaonekana, yakaisha. Sikuwahi kufikiria kama hiyo ni kazi. Nimempigia mwenyekiti jioni hii nikamwomba aniandikie barua, akaniambia barua ataandika ila je nikipata kazi daftari atashika nani, akaanza kupanga kikao cha dharura hapohapo.

Nimekula Chumvi, shikamoo. NIDA niliandika jina la mume. Ndo hivyo. Jumatatu naanza na hilo. NSSF sikutoa, 2018 nilitaka kuzitoa tukawa tunapiga msingi wa nyumba, foleni ilikuwa ndefu nikarudi nyumbani. Foleni imeniokoa.

Tausi dada yangu, nilinakili ile hesabu yako kwenye karatasi, nikafanya mbili kama ulivyosema, nikamwekea baba watoto mezani pamoja na chakula. Alikula kwanza. Alafu akavaa miwani, akasoma, akakaa kimya muda mrefu nikajua leo tunanuniana. Akaniuliza hivi basi la shule ni shilingi ngapi kwa mwezi. Mkubwa anapanda hilo basi mwaka wa nne huu.

Nikamwambia. Akachukua kalamu akaandika kwenye ile karatasi yake.

Ile ya laki nne na nusu wameniita Alhamisi, wamesema nije na vyeti na kutakuwa na mtihani mdogo wa kompyuta. Naomba kuuliza, wanatumia programu ya Tally na mi nilizoea QuickBooks ya zamani, kuna mtu anaweza kunionyesha kabla ya Alhamisi? Niko Kimara Suka, ubuyu nitatoa mimi.

Binti Hesabu

Mi naijua Tally, field nilifanyia kwa Wahindi pale mjini. Niko Mbezi Luis, kesho saa nne watoto wakishaenda shule nitakuwa hapo. Ubuyu wa pilipili au wa kawaida?